Simu za Marehemu Opereta

Kitabu kikipita mikononi mwake kilipita kifudifudi. Ndivyo alivyofundishwa alipoanza kazi ya maktaba, msichana mwembamba aliyeona haya hata kukohoa mbele ya wasomaji, na ndivyo alivyowafundisha wote waliokuja baada yake: kitabu kigongwe muhuri, kifungwe, kigeuzwe, ndipo kisukumwe kwa mwenyewe. Aliyesimama nyuma kwenye foleni asione kitu ila jalada la nyuma. Mfanyakazi mpya akisahau, akatamka jina la kitabu kwa sauti kama mchuuzi anayenadi bidhaa, alivutwa kando.

"Mgonjwa akitoka kwa daktari, wewe humuulizi anaumwa nini mbele za watu," alimwambia. "Na huyu vilevile. Sema, 'Kitabu chako hiki.' Inatosha."

Wasomaji walimwita Mama Kaunta. Jina hilo lilimganda kiasi kwamba hata mwenye duka la jirani alimwandikia hivyo kwenye risiti, naye hakujisumbua kumsahihisha.

Mumewe alikuwa opereta wa simu, enzi ambazo mtu akitaka kuzungumza na mji wa mbali alipita kwanza kwenye masikio ya opereta. Alikaa mbele ya ubao wa matundu na nyaya hadi nywele zikageuka rangi, akiunganisha watu na habari zao. Alisikia posa zikivunjwa, misiba ikitangazwa, watu wazima wakilia kama watoto. Nyumbani hakuleta hata chembe. Mkewe alipokuwa angali bibi harusi alijaribu kumchokoa.

"Leo kulikuwa na habari gani huko?"

"Laini zilikuwa nzuri."

"Laini sizitaki. Nataka habari."

"Basi leo zilikuwa nzuri sana."

Mkewe alicheka, akajua kwamba ameolewa na sanduku lililofungwa na ufunguo ukatupwa. Kwa watu wawili wenye kazi kama zao, lilikuwa jambo la kujivunia, na kwa miaka mingi nyumba yao ilijaa mazungumzo marefu ambayo ndani yake hakuna mtu wa mji aliyewahi kutajwa.

Ubao wa nyaya ulipoondolewa na opereta wakarudishwa majumbani, mzee hakukaa kitako. Maktaba ilikuwa imeanzisha mpango wa vitabu vya sauti kwa wasioona, na palihitajika watu wa kujitolea kusoma. Stoo moja iliyo nyuma ya chumba cha magazeti ilitundikwa mablanketi ukutani ili mwangwi ufe, ikawekwa meza na kipaza sauti. Wengine walisoma wiki mbili tatu wakachoka. Opereta alisoma mpaka mwisho wa maisha yake. Sauti yake ilikuwa pana, haina haraka, sauti ya mtu aliyezoea kuwaambia waliohamaki, "Subiri kidogo, nakuunganisha." Kila kanda aliianza kwa namna moja: alivuta pumzi fupi, kama mtu anayejiandaa kuinua mzigo, kisha akasema, "Kitabu," akatua, akataja jina lake. Mkewe akipita ukumbini na rukwama la vitabu alikuwa akisimama mlangoni pa stoo kwa ajili ya pumzi hiyo tu, kisha akaendelea na safari yake.

Opereta alifariki kwenye kiti cha kinyozi, shuka jeupe likiwa bado shingoni. Kinyozi alisema mzee alikuwa katikati ya kusema jambo. Jambo gani, kinyozi hakulishika, mashine ya kunyolea ilikuwa ikinguruma.

Miaka kadhaa baadaye maktaba ilipata mkurugenzi mpya, mwanamke wa hatua za haraka na mawazo ya haraka zaidi. Hakuwa mtu mbaya. Chini yake paa liliacha kuvuja, chumba cha kompyuta kikafunguliwa kwa wote, na darasa la watu wazima wasiojua kusoma likaanza kukutana jioni kwenye chumba cha nyuma, chenye mapazia mazito ili anayepita nje asijue nani yumo. Mihuri ikawekwa kabatini. Wasomaji wakapewa kadi za plastiki, na mtambo ukaanza kuhesabu kila kitabu kinachotoka na kinachorudi. Muda wa kitabu ulipokaribia kwisha, mtambo ulimtumia msomaji ujumbe kwenye simu.

"Na asiyeona atausomaje huo ujumbe?" mkurugenzi aliuliza siku moja kwenye kikao. "Na wanafunzi wetu wa jioni? Tunawaandikia watu ambao tunajua hawasomi. Huu mtambo upige simu useme."

Wazo lilikuwa zuri na lenye huruma, na kila aliyekuwapo alilikubali. Akaletwa fundi wa mitambo, mwanamume mnene mwenye upole wa muuguzi. Alieleza kwamba siku hizi kompyuta ikilishwa usomaji wa mtu mmoja kwa wingi, hujifunza sauti yake, kisha husema kwa sauti hiyo maneno ambayo mwenyewe hakuwahi kuyasema. Kinachotakiwa ni sauti safi na nyingi. Wote kikaoni walitazama chini, maana wote walijua ni sauti ya nani iliyojaa kwenye makabati ya maktaba ile.

Mkurugenzi alimwita Mama Kaunta ofisini, akafunga mlango.

"Mama, wewe ndiye mwenye ruhusa. Ukisema hapana, tutatafuta sauti nyingine na hakuna atakayekulaumu. Na ukisema ndiyo leo, unaweza kusema hapana kesho."

Fundi aliomba kumsikilizisha mfano kwanza. Alibonyeza. Ikaja pumzi, kisha, "Habari ya mchana, mama." Fundi alikuwa amepanga mtambo uwaite hivyo wanawake wote wa umri mkubwa. Hakujua kwamba tangu binti yao azaliwe, mzee naye hakuwa amemwita mkewe kwa jina jingine.

Mama Kaunta alishika ukingo wa meza. Fundi alimsogezea kiti. Aliketi, akakubali.

"Swali moja, kwa kuwa wewe ndiye mkuu wa kaunta," fundi aliuliza akiwa amekwisha kuanza kuandika. "Atakapopiga, ataje jina la kitabu, au aseme kitabu tu?"

Mwanamke aliyegeuza vitabu kifudifudi maisha yake yote aliulizwa swali hilo, na jibu lake alikuwa akilitoa kila siku tangu usichana. Lakini wakati ule hakuwa kwenye kaunta. Alikuwa mlangoni pa stoo yenye mablanketi, amesimama na rukwama, anangoja.

"Ataje," alisema.

Simu zikaanza, na mji ukapata la kuzungumza. Muuza mboga alimvamia asubuhi mapema kabla hajafungua mlango.

"Mama Kaunta! Mwambie mumeo aache kunipigia simu mchana kweupe. Majirani watasemaje?"

"Rudisha vitabu vyetu, ataacha."

"Nirudishe? Mwanamume anayeniulizia hali siku hizi ni huyo mmoja tu!"

Walicheka wakashikana mikono. Mzee mmoja asiyeona, msikilizaji wa kanda tangu zilipoanza, hakucheka. Aliletwa na mjukuu wake mpaka kaunta, akainamisha kichwa upande ambao alidhani mama yupo.

"Niliposikia sauti yake nikanyamaza kimya," alisema. "Nikajiambia, basi, siku yangu imefika, wamemtuma yeye anifuate."

"Ni mashine, baba."

"Najua. Niliambiwa. Lakini nilikwisha kuvaa viatu."

Mama Kaunta naye aliazima kitabu. Alichukua cha kwanza kilichokuwa mkononi, *Ufugaji wa Nyuki kwa Anayeanza*, ingawa hakuwa na mzinga wala uwanja wa kuuweka, akakiacha juu ya friji. Muda ulipokaribia kwisha simu ililia mchana wa siku yake ya mapumziko. Pumzi. "Habari ya mchana, mama. Kitabu chako," pumzi tena, "*Ufugaji wa Nyuki kwa Anayeanza*, kinakaribia muda wake. Ukitaka kuongeza muda, bonyeza moja." Hapo mtambo ulinyamaza kumpa msomaji nafasi ya kubonyeza, na ndani ya kimya hicho Mama Kaunta alisema, "Nzuri. Wewe je?" Alisema pia kwamba bomba la jikoni limeanza tena kuvuja, na kwamba binti yao amepata uhamisho. Kisha alibonyeza.

"Asante," mumewe akasema. "Muda umeongezwa."

Alibaki na simu sikioni muda mrefu baada ya laini kukatika. Tangu hapo siku ya simu ilijulikana nyumbani mle kama siku ya mgeni. Alioga mapema. Alivaa gauni la kutokea. Binti yake alipomuuliza kwa nini mchana fulani hapatikani, alisema ana kazi za maktaba, na huo ulikuwa karibu na ukweli kiasi cha kumridhisha yeye mwenyewe.

Mwalimu wa darasa la jioni ndiye aliyemletea habari, akiegemea kaunta na kusema kwa sauti ya chini.

"Nyapara haji tena."

Nyapara alikuwa msimamizi wa ujenzi, mtu wa mabega mapana ambaye nusu ya maghorofa mapya ya mji yalipanda chini ya kelele zake. Ramani za majengo alizisoma kama kiganja chake. Herufi hakuzijua. Hilo halikujulikana na mtu kazini kwake. Alifika darasani mapazia yakiwa yamekwisha kufungwa, akakaa kiti cha pembeni, na kwa mujibu wa mwalimu alikuwa amebakiza kidogo tu kusoma ukurasa mzima bila kusaidiwa.

"Anaumwa?"

"Haumwi. Nilimpigia, akakata. Nikampigia tena, akaniambia maktaba yenu ina mdomo."

Mama Kaunta aliyasikia maneno hayo, akauliza jengo analolisimamia sasa liko wapi. Kesho yake aliomba ruhusa, akaenda kwenye ghorofa lililokuwa likijengwa nyuma ya kituo cha mabasi. Nyapara alimwona kutoka juu, akashuka bila haraka, akampa kofia ngumu pasipo kusema neno, akamwonyesha mahali pa kuketi juu ya rundo la mbao.

"Umetumwa na mwalimu."

"Nimejileta."

Nyapara aliufikicha udongo uliokauka kwenye vidole vyake.

"Mikono yangu ilikuwa na zege," alisema. "Simu ikalia. Nikamwambia fundi matofali, nibonyezee hapo, weka spika, labda ni tajiri. Watu wote walikuwa hapa, ndiyo tunataka kumwaga sakafu. Ikasema. Kitabu chako, *Hatua ya Kwanza, Kusoma na Kuandika kwa Watu Wazima*."

"Wakakucheka?"

"Wangecheka ningejua la kufanya. Walinyamaza. Wakachukua makarai wakaendelea. Kesho yake saruji ikaletwa, na kijana mmoja akachukua karatasi ya mzigo akanisomea kabla sijamwomba. Kwa heshima, mama. Polepole, kama unavyomlisha mgonjwa uji. Nilitamani anitukane."

"Ule ni mtambo tu, baba. Haujui..."

"Usinifundishe mtambo. Ile sauti naijua." Alimgeukia. "Zamani, kabla ya darasa, nilikuwa nachukua kanda pale kwako. Nasema ni za mama mkwe wangu, haoni. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Mama mkwe wangu anatunga uzi kwenye sindano bila miwani mpaka leo. Siku moja mzee akanikuta mlangoni. Akaniuliza, macho ya mkwe yanaendeleaje? Nikasema, bado, mzee. Akasema, basi mwambie kitabu kijacho nitakisoma taratibu zaidi, na achukue na kitabu chenyewe, awe anafuatisha kwa kidole. Asiyeona, afuatishe kwa kidole! Alijua. Wala hakunicheka hata kwa macho. Na alitimiza, alikisoma taratibu. Alikuambia?"

"Hakuniambia."

"Sasa ni yuleyule. Yeye ndiye akaja kunitaja mbele ya watu wangu. Angekuwa mtu mwingine ningemtukana, nikalala."

Mama Kaunta alivua kofia ngumu akaipakata kama bakuli.

"Mimi ndiye niliyesema ataje."

"Wewe?"

"Niliulizwa. Nikasema ataje."

"Wewe unayegeuza vitabu? Kwa nini?"

"Nilitaka kumsikia."

Nyapara alimtazama, na usoni mwake hakukuwa na hasira wala msamaha. Alinyoosha mkono, akaichukua kofia.

"Ukitoka pitia upande ule," alisema. "Huku mbao zinateleza."

Alasiri hiyohiyo mkurugenzi alisikia habari yote, akashika kichwa. Alisikitika kweli, akampigia fundi papo hapo, na kabla ya maktaba kufungwa majina ya vitabu yalikuwa yameondolewa kwenye simu zote.

"Limekwisha, mama," alisema. "Hatataja tena. Tuliteleza sote. Sauti yenyewe haina kosa, wazee wanaipenda. Tuiache."

Mama Kaunta alishukuru akaenda zake. Alitaka sana liwe limekwisha.

Siku ya mgeni ikafika. Alikaa na gauni lake. Simu ikalia.

"Habari ya mchana, mama. Kitabu chako..."

Halafu pumzi. Fundi alikuwa ameondoa jina la kitabu, lakini pumzi iliyolitangulia ilibaki mahali pake, fupi, ya mtu anayejiandaa kuinua mzigo. Baada yake pakawa na kimya chembamba. Kisha, "...kinakaribia muda wake."

Simu zote zilizopita zilikuwa na sauti ya mumewe. Hii ilikuwa mumewe. Huyu alikuwa opereta, mwenye neno mdomoni, anavuta pumzi, analimeza. Hivyo hasa ndivyo alivyokuwa akikaa mezani jioni, akitazama sahani, kabla ya kusema kwamba laini zilikuwa nzuri. Alisahau kubonyeza. Alisahau hata kuzungumza. Simu ilikatika yenyewe, naye akabaki amekaa kwenye mwanga wa dirishani, moyo ukimwenda mbio kama wa msichana.

Kisha, pasipo kutaka, alimfikiria Nyapara juu ya jengo lake, simu mkononi, akiisikia pumzi hiyo mbele ya watu waliokwisha kujua ni nini huja baada yake. Akamfikiria muuza mboga, ambaye mama alijua vizuri ni kitabu gani alichokuwa nacho na kwa nini hakukifanyia mzaha. Kila mmoja wao angengoja kuona kama safari hii mzee atasema. Mumewe aliishi na kufa bila mtu hata mmoja katika mji ule kumngoja hivyo. Alijua kila neno alilolimeza, na alilimeza mwenyewe. Huyu wa kwenye simu alikuwa ameng'olewa ulimi alasiri moja, kwa kubonyeza kitufe, na kwa kitufe kingine angerudishiwa.

Fundi alikuja asubuhi iliyofuata kuifuta sauti, kama Mama Kaunta alivyoomba. Mkurugenzi hakubishana, ila aliuliza mara mbili kama ana hakika.

"Kanda zake zote zitabaki," fundi alimfariji. "Zile alizosoma mwenyewe. Hakuna anayezigusa."

"Najua, baba." Hakumweleza kwamba kwenye kanda mzee alimsomea kila mtu, ila kwenye simu alimpigia yeye.

Fundi alifungua ukurasa kwenye kompyuta, halafu akasita. Aliusogeza ubao wa herufi upande wa Mama Kaunta.

"Mama, kabla sijafuta. Andika hapa chochote unachotaka. Atakisema. Nitatoka nje ikibidi."

Alitoka kweli, akauegesha mlango. Mama Kaunta aliketi mbele ya kioo kilichong'aa, na kistari kidogo kikawa kinawaka na kuzima mahali maneno yanapoanzia. Alikumbuka kiti cha kinyozi na jambo lililokatikia katikati. Lingeweza kumalizwa sasa. Lingeweza kuwa lolote. Aliweka vidole juu ya herufi, akaandika herufi moja, akaifuta. Nje, fundi alikohoa.

"Futa, baba," aliita.

"Hata neno moja?"

"Atasema nitakaloandika. Na hilo ninalijua tayari."

Wiki zilizofuata simu zilipigwa kwa sauti ya mwanamke asiye wa mahali popote, mwenye adabu na baridi, aliyesema kitabu chako bila kuvuta pumzi kabisa. Muuza mboga alilalamika kwamba ameachika. Mzee asiyeona aliuliza kama wamemfukuza, akaambiwa amestaafu, akatikisa kichwa.

Nyapara aliingia mchana mmoja kwa nguo za kazi, vumbi la saruji likiwa kwenye kope. Alipanga foleni kama wengine. Nyuma yake alisimama mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni. Alipofika mbele aliinama karibu na kaunta.

"Siku hizi nani anapiga simu?"

"Mwanamke wa mtambo. Hataji. Wala hajui chochote cha kutaja."

"Na mzee?"

"Mzee amenyamaza."

"Nani aliyemnyamazisha?"

Mama Kaunta alijigusa kifuani. Nyapara alinyanyuka taratibu, akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili kama mtu anayeingia penye matanga.

"Pole, mama," alisema, na hakuisema kwa kunong'ona. "Pole sana kwa msiba."

Wa kwenye foleni waligeuka. Hakuna aliyejua nani amekufa, wala hakuna aliyeuliza. Mwanamke mwenye mtoto alimsogeza mwanawe mgongoni, akanyoosha mkono juu ya kaunta.

"Jamani, pole, mama. Lini tena?"

"Juzi," Mama Kaunta alisema.

Mwingine akaja, na mwingine, wakimpa mkono mmoja mmoja, naye akamjibu kila mmoja kama inavyojibiwa, "Nimeshapoa, nimeshapoa," huku Nyapara akiuliza kwa upole, ubavuni, kama darasa bado linaanza saa ileile.